Paul Bomani: Aliyeanzia kwenye mizani ya pamba hadi Uhuru

Na Mwandishi Wetu

VITA Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika mwaka 1945, kijana mmoja wa miaka 20 alikuwa ndiyo kwanza anaanza maisha ya ajira huko Mwadui, Shinyanga, katika mgodi wa almasi uliogunduliwa miaka mitano kabla yake na mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson. Hakuwa mtoto wa mtemi, hakuwa na shahada wala mali. Miaka kumi baadaye kijana huyo alikuwa akiendesha moja ya jumuiya kubwa kabisa za ushirika zilizopata kumilikiwa na Waafrika, na mwaka 1960 alikuwa waziri katika serikali iliyoivusha Tanganyika kuingia kwenye Uhuru.

Kijana huyo ni hayati Paul Bomani.

Wasomaji wa mijini wanamkumbuka zaidi kwa vyeo vyake vya baadaye: waziri wa fedha, balozi nchini Marekani, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini ukifika katika nchi ya pamba, kuanzia Shinyanga na Maswa hadi Kwimba, Mwanza na Geita, jina lake linafungamana na kitu kimoja cha kawaida mno: mizani. Makala haya yanaeleza jinsi madai ya mkulima kupimiwa pamba yake kwa haki yalivyogeuka kuwa madai ya nchi kujitawala, na jinsi mtu aliyeyaongoza madai hayo alivyokuja naye kupimwa na wakulima walewale.

Mtoto wa mhubiri

Bomani alizaliwa Musoma tarehe 1 Januari 1925. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na kazi ya injili ndiyo iliyoileta familia Usukumani, katika misheni ya Nassa, kando ya Ziwa Victoria. Hapo Nassa alipata elimu ya msingi, kisha akaendelea Ikizu, shule ya kanisa hilo iliyolea vijana wengi wa kanda ya ziwa.

Malezi hayo yalimpa mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote. La kwanza ni nidhamu ya hesabu na maandishi. La pili ni mazoea ya kukaa na watu wa vijijini, maana mhubiri haishi bomani. Anazunguka kwa waumini wake, anakula wanachokula na anasikiliza shida zao. Mtoto aliyekua katika nyumba ya namna hiyo hakuhitaji kufundishwa namna ya kuzungumza na mkulima.

Kati ya mwaka 1945 na 1947 alifanya kazi katika kampuni ya Williamson Diamonds. Mwadui ya siku hizo ilikuwa dunia ndogo ndani ya nchi ya Wasukuma. Almasi ilichimbwa kwa nguvu za Waafrika, lakini uamuzi wa bei, wa soko na wa mgawo wa faida haukuwahusu hata kidogo. Pembeni tu ya uzio, wakulima walikuwa wakilima pamba ambayo nayo ilipangiwa bei na watu wengine.

Nchi iliyobadilika baada ya vita

Ni vigumu kuelewa kazi ya Bomani bila kuelewa hali ya baada ya vita. Makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika waliandikishwa katika jeshi la Keya na vikosi vingine vya Mwingereza, wakapelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Waliorudi walikuwa wameona Mzungu akiogopa, akijeruhiwa na kushindwa. Walikuwa wameambiwa kwamba wanapigania uhuru wa mataifa, lakini waliporudi vijijini walikuta amri zilezile za Bwana Shauri na kodi ileile ya kichwa.

Nje ya nchi nako mambo yalikuwa yanakwenda mbio. India ilipata uhuru mwaka 1947. Tanganyika yenyewe, iliyokuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, iliwekwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 1946. Kuanzia mwaka 1948 wajumbe wa Umoja huo wakawa wanakuja kila baada ya miaka mitatu kukagua jinsi Mwingereza anavyoitunza amana aliyokabidhiwa. Kwa mara ya kwanza, Mwafrika aliyekuwa na malalamiko alipata mahali pa kuyapeleka mbali na dawati la mkuu wa wilaya.

Usukumani, serikali ilileta mpango mkubwa wa maendeleo ulioanza mwaka 1947. Ulikuwa na nia ya kuokoa ardhi, kuchimba malambo na kuhamishia watu Geita, ambako ardhi ilikuwa bado tele. Lakini mpango huo ulikuja na amri nyingi: lima kwa matuta ya namna hii, punguza ng'ombe, usikate mti huu, lipa ada ya mifugo. Watemi ndio waliotakiwa kuzisimamia amri hizo, na aliyezikiuka alitozwa faini. Hivyo mtemi, ambaye kwa jadi alikuwa baba wa watu wake, akaanza kuonekana kama mkono wa serikali.

Siri ya mizani

Mwaka 1947 Bomani aliacha kazi Mwadui akahamia Mwanza, akajiunga na chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika wa mji huo, akiwa katibu msaidizi na baadaye katibu. Huko ndiko alikokutana ana kwa ana na kilio cha wakulima wa pamba.

Biashara ya pamba wakati huo iliendeshwa hivi. Mkulima alipalilia, akavuna, akachagua pamba safi na chafu, kisha familia nzima ikabeba mizigo kichwani hadi gulioni. Mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa wakala wa mwenye kinu cha kuchambua pamba, mara nyingi wa asili ya Kiasia, ndiye aliyeipima. Mkulima hakujua kusoma alama za mizani. Aliambiwa uzito, akapewa fedha, akaondoka. Mara nyingi alijua moyoni kuwa ameibiwa ratili kadhaa, lakini hakuwa na ushahidi.

Juu ya wizi huo mdogo wa gulioni kulikuwa na mkubwa zaidi usioonekana. Wakati wa vita na baada yake serikali ilinunua pamba kwa bei iliyopangwa, chini ya ile ya soko la dunia, na tofauti ikawekwa katika mifuko iliyosimamiwa na serikali yenyewe. Mkulima alikuwa anakatwa mara mbili: mara moja na jiwe la mizani, mara ya pili na karatasi.

Dawa ya kwanza iliyobuniwa ilikuwa nyepesi. Wakulima walichanga senti zao wakamlipa kijana wao anayejua kusoma, akasimama gulioni kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakiki uzito. Jambo hilo dogo liliwafunza mambo makubwa. Wakulima waligundua kwamba wizi si majaliwa, kwamba ukiwekwa macho unapungua, na kwamba wakichanga pamoja wanaweza kuajiri mtu wa kuwatetea. Mtu aliyekwisha kuhoji mizani hakawii kuhoji kodi, na aliyehoji kodi hakawii kuuliza ni nani aliyempa mtawala mamlaka.

Bomani aliiona nguvu hiyo mapema. Kuanzia mwaka 1950 alizunguka vijiji vya Usukuma, mara nyingi kwa baiskeli, akiwashawishi wakulima waunde vyama vya msingi na kukiunga mkono chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Hakuhubiri fitina dhidi ya wafanyabiashara wa Kiasia. Hoja yake ilikuwa kwamba wakulima wakiweza kununua, kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe, hawatakuwa na haja ya kumlaumu mtu. Wakati huohuo alikuwa miongoni mwa viongozi wa mbele wa tawi la TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, katika Jimbo la Ziwa, tawi lililosifika kwa ukali wa siasa zake kabla hata ya makao makuu ya Dar es Salaam kuamka vizuri.

Serikali haikuweza kuyapuuza madai hayo. Vyama vya msingi vikaanza kuandikishwa, na mwaka 1953 Bomani akapelekwa chuo cha Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Aliporejea mwaka uliofuata alikuta uwanja wa siasa umebadilika.

Chama chazuiliwa, ushirika wakua

Tarehe 7 Julai 1954, TAA ilibadilishwa kuwa TANU katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam chini ya Julius Nyerere. Kati ya waasisi 17 wanaotajwa katika historia, watano walitoka Jimbo la Ziwa, akiwamo mshairi Saadani Abdu Kandoro. Mchango huo unaonyesha jinsi kanda hiyo ilivyokuwa mbele.

Huenda ndiyo sababu ilikuwa ya kwanza kuadhibiwa. Gavana Edward Twining na maofisa wake waliona kuwa TANU ikiachwa Usukumani, penye watu wengi na manung'uniko mengi, moto hautazimika. Tangu mwishoni mwa mwaka 1954 chama hicho kilinyimwa kibali cha kufanya kazi Usukumani, na hali hiyo ikaendelea kwa takriban miaka minne. Wakati matawi yakichipua Pwani, Kilimanjaro na Tabora, huko Shinyanga na Geita kuonekana na kadi ya TANU kulikuwa kujitafutia matatizo.

Katika miaka hiyo ya ukimya wa kisiasa, ushirika ndio uliopata nguvu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuunda shirikisho lililojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU, Bomani akiwa meneja wake mkuu. Shirikisho hilo lilinunua pamba kupitia vyama vya msingi, likapata vinu vyake vya kuchambulia, kikiwamo cha Kasamwa huko Geita, na ilipofika mwishoni mwa muongo huo karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa inapita mikononi mwake.

Sheria ilikataza ushirika kujiingiza katika siasa, na Bomani, aliyekuwa pia mjumbe wa kuteuliwa wa Baraza la Kutunga Sheria, alilazimika kutembea kwa tahadhari kubwa. Serikali ilimwona kama Mwafrika mwenye busara anayefaa kushirikiana naye. Vijana wenye hasira waliweza kumwona mpole kupita kiasi. Lakini kila mwaka maelfu ya wakulima walikuwa wakichagua viongozi wao wa vyama vya msingi, wakisoma mahesabu, wakiuliza maswali mkutanoni na kuwaondoa waliovurunda. Walikuwa wanajifunza kujitawala kabla ya kuruhusiwa kuitaja siasa yenyewe.

Geita yachemka, 1958

Subira hiyo ilifikia mwisho mwaka 1958, na mahali palipochemka ni Geita.

Geita ilikuwa wilaya ya pekee. Wakazi wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka sehemu nyingine za Usukuma, watu waliohama kutafuta ardhi na wasiokuwa na mizizi mirefu chini ya watemi wa huko. Walilima pamba nyingi. Hapohapo palikuwa na mgodi wa dhahabu ulioanza miaka ya 1930, ukiwa na jumuiya ndogo ya Wazungu. Serikali iliichagua wilaya hiyo kuanzisha halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, ambamo Wazungu na Waasia wachache wangekuwa na viti pamoja na Waafrika.

Kwa gavana, hiyo ilikuwa hatua ya maendeleo. Kwa mkulima wa Geita, maana yake ilikuwa nyingine kabisa: wageni wanapewa sauti juu ya ardhi, na leo wakipewa viti, kesho watapewa mashamba. Malalamiko ya miaka mingi kuhusu matuta, mifugo na faini yakaungana na hofu hiyo. Watu wakakusanyika kwa wingi bomani Geita wakiikataa halmashauri, na walipoona hawasikilizwi, umati ukavuka kwenda Mwanza kupeleka kilio kwa wakubwa wa jimbo. Ukatawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi, na baadhi ya watu wakatiwa mbaroni.

Nguvu ya dola ilishinda siku hiyo, lakini sera ndiyo iliyoshindwa. Julai mwaka huo Twining aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Richard Turnbull, aliyesoma alama za nyakati haraka. Mpango wa kulazimisha halmashauri za mchanganyiko ukaachwa, na kabla ya mwaka 1958 kwisha TANU ikaruhusiwa tena Usukumani. Kadi zikauzwa kwa kasi ya ajabu. Wakati wa uchaguzi wa mwanzoni mwa mwaka 1959 katika jimbo hilo, TANU haikuwa na mpinzani wa kuitisha, na Bomani akaingia barazani akiwa mtu wa chama, si tena mteule wa gavana.

Mizani yamgeukia

Septemba 1960 Nyerere alipounda serikali, Bomani alikabidhiwa wizara ya kilimo na maendeleo ya ushirika. Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 alipanda zaidi, na mwaka 1962 akawa waziri wa fedha. Njia ya kutoka Nassa hadi Hazina ilikuwa imekamilika.

Lakini hadithi ya Bomani ingekuwa nusu tu kama ingeishia hapo. Baada ya Uhuru vyama vya ushirika vilienezwa nchi nzima kwa haraka, hata mahali ambapo wakulima hawakuviomba. Kanda ya ziwa, ambako vilizaliwa kwa jasho la wakulima wenyewe, manung'uniko ya zamani yakarudi kwa sura mpya. Makato yaliongezeka, malipo yalichelewa, makarani walipunja, na baadhi ya viongozi walijitajirisha. Mkulima aliyewahi kumlalamikia mnunuzi wa Kiasia sasa alimlalamikia ndugu yake.

Uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, uliwapa wananchi nafasi ya kuchagua kati ya wagombea wawili wa TANU. Bomani aligombea Mwanza, nyumbani kwa ushirika aliouasisi, akashindwa. Waziri wa fedha wa nchi alikataliwa na wakulima wa pamba. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ikathibitisha mengi ya malalamiko hayo. Shirikisho la VFCU likapangwa upya, na jina la Nyanza likachukua nafasi yake.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, wakulima walitumia somo lilelile walilofundishwa na Bomani: kwamba aliyeshika mizani lazima ahakikiwe, awe nani. Pili, yeye mwenyewe alipokea matokeo bila kuvunja safu. Rais Nyerere alimteua tena bungeni na kumpa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo, kisha biashara. Mwaka 1972 akapelekwa Washington kuwa balozi, alikokaa zaidi ya miaka kumi, kabla ya kurudi nyumbani na kushika tena nyadhifa za uwaziri. Katika miaka ya 1990 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye ambaye hakupata kusoma chuo kikuu katika ujana wake.

Alifariki dunia mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Alichotuachia

Ushirika aliousimika umepita katika mikono mingi. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika. Katika miaka ya 1980 vikarudishwa, Nyanza kwa upande wa Mwanza na SHIRECU kwa upande wa Shinyanga, lakini bila ile mali wala ile imani ya awali. Ulipokuja ununuzi huria wa miaka ya 1990, vyama hivyo vikazama katika madeni. Hata baada ya serikali kurejesha ununuzi wa pamba kupitia vyama vya msingi mwaka 2018, mkulima aliendelea kuuliza swali la babu yake: pamba yangu imepimwa sawasawa, na fedha yangu nitalipwa lini?

Katika ardhi hiyohiyo, swali hilo limehamia pia kwenye madini. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukaja mpya na mkubwa mwaka 2000. Wananchi walipoanza kuhoji ni kiasi gani cha dhahabu kinabaki nchini, aliyepewa kazi ya kuongoza kamati ya kuchunguza sekta ya madini mwaka 2007 alikuwa Jaji Mark Bomani, mdogo wake Paul. Kazi ya kamati hiyo ilichangia kupatikana kwa sheria mpya ya madini ya mwaka 2010. Machi 2019 likafunguliwa Geita soko rasmi la dhahabu, ambako mchimbaji mdogo anaweza kupimiwa mzigo wake kwenye mizani inayosimamiwa na serikali. Wazee wa Kasamwa waliowahi kubeba pamba kichwani hawakuhitaji kuelezwa maana ya soko hilo.

Historia ya Uhuru wetu husimuliwa zaidi kwa majina ya mikutano ya Dar es Salaam na Tabora. Ni sahihi, lakini haitoshi. Kwa mkulima wa Shinyanga na Geita, Uhuru ulianzia gulioni, siku kijana anayejua kusoma aliposimama kando ya mizani na kutaja uzito halisi kwa sauti. Paul Bomani alilijua hilo kuliko wengi. Aliijenga njia hiyo, ikampandisha hadi juu, na ilipofika zamu yake ya kupimwa, aliipanda mizani.